Naenda kongamano la wanablogu Kisumu: maswali yenye mnaniuliza kila siku, majibu yote hapa

Tangu niseme mwezi ujao nashuka Kisumu kwa kongamano la wanablogu simu haijatulia. Wengine mnauliza vitu vya maana, wengine mnataka tu kujua kama kutakuwa na samaki (kutakuwa). Kujibu mmoja mmoja usiku na ugali uko kwa moto imenishinda, sasa nimekusanya yote hapa. Mimi si mwandaaji na sipati komisheni ya mtu, ni mama tu mwenye blogu ya wakulima wa viazi huku Njoro, na hii safari nimeingoja sana hata nguo nishaanza kupanga.

Kwani kongamano la wanablogu ni kitu gani? Si mtu huandika tu akiwa kwake?

Ndio, unaandika ukiwa kwako, na ukikwama unakwama ukiwa kwako. Hapa ni siku mbili watu wa hii kazi wanakaa mahali pamoja, kuna wale wanapanda jukwaani kufundisha, kuna vikao vidogo mnafungua laptopu mnatengeneza kitu na mikono yenu, kuna kampuni zinaweka meza na kugawa kalamu, alafu kuna zile saa za chai, na kwangu mimi chai ndio kongamano lenyewe.

Wala si kitu kimeanza jana. Marekani wanawake wenye blogu walianza mkutano wao wa BlogHer 2005, mwaka uliofuata watu wa WordPress, ile programu ya kutengeneza blogu, wakafanya WordCamp ya kwanza San Francisco, na hiyo WordCamp imezunguka dunia mpaka ikafika Nairobi, inaandaliwa na watu wa kujitolea ndio maana tiketi zake hazikuwangi ghali. 2012 pia Global Voices, ule mtandao wa wanablogu wa dunia nzima, walileta mkutano wao Nairobi. Mmeona vile inaenda, Nairobi, Nairobi, tena Nairobi. Sisi wa Bonde la Ufa na magharibi tumezoea kupanda gari usiku ndio tufike asubuhi tukiwa na macho mekundu. Hii ya Kisumu ni yetu.

Kila kitu kiko YouTube, si uokoe tu nauli?

Hili ndilo swali limeulizwa kuliko yote, na ndilo nalijibu kwa roho safi.

Kuna vitu YouTube haitakufundisha juu mwenye anafundisha hajui sanduku la posta ni nini. Mfano. Ukiweka matangazo ya Google kwa blogu yako, ile AdSense, ukifikisha dola 10 wanakutumia barua. Si barua pepe, barua ya karatasi, iko na PIN ya tarakimu sita ya kuhakikisha anwani yako, na miezi minne ikiisha kama hujaiweka matangazo yanasimamishwa. Ule kijana wa video yuko Texas anakwambia "angalia tu kwa sanduku lako hapo mbele ya nyumba". Mbele ya nyumba yangu kuna kuku. Mimi natumia sanduku la posta la kanisa, na hiyo bahasha ilikuja, ndogo, nyeupe, pembe moja imekunjika, katibu akaiweka chini ya kalenda akidhani ni tangazo la benki, ikakaa hapo mpaka nikaenda kuuliza mambo ya harusi ya mtu ndio nikaiona ikichungulia. Sasa mwenye ako Bondo ama Budalang'i, posta iko mbali na hana sanduku, anafanyaje? Jibu ni la mwenye ako Bondo ashapitia. Huyo simpati YouTube, nitampata kwa foleni ya chai.

Ama hii ingine: wasomaji wangu wengi wako na simu ndogo na bando ya shilingi ishirini. Nikiweka picha kubwa ya kiazi chenye ugonjwa kama ilivyotoka kwa kamera, nimemmalizia mtu bando kabla hajaona hata jani. Nataka kukaa na mtu mwenye wasomaji kama wangu nimuulize anapunguza picha zake aje na doa la ugonjwa bado linaonekana. Nishaandika maswali kama hayo kwa kitabu cha mtoto cha hesabu, karatasi za nyuma. Wewe pia andika yako kabla ya kutoka nyumbani, juu ukienda bila swali utarudi na kalamu za bure na picha za kujipiga.

Lakini blogu si zilikufa? Watu wote wako TikTok.

Wengi wako TikTok, sikatai. Na hata wenye wamebaki wakitafuta kitu Google, siku hizi wanapewa jibu lililoandikwa na AI hapo juu kabisa. Ilianza Marekani Mei 2024 na mwaka haukuisha ikafika kwetu, mtu anasoma hiyo anaenda zake, hakliki. Posti za "faida kumi za asali" kwisha. Kama hiyo ndiyo ilikuwa blogu yako pole sana.

Lakini uliza hiyo AI leo asubuhi lori zimenunua viazi kwa bei gani Elburgon. Uliza kama madalali wa Molo bado wanajaza gunia la mukorino, ile ya kushonewa kofia juu mpaka inapita kilo 50 zenye kanuni za 2019 zilisema mwisho ni hapo. Uliza mwenye amepanda Shangi, ile aina ya kiazi, kwa nini hawezi kuvuna akaweka stoo angojee bei ipande (inachipuka haraka, hiyo ndiyo shida yake). Mwingine anaweza kuandika hayo yote, lakini lazima awe amesimama hapo. Ndio naamini mwenye anaandika kuhusu kijiji chake, soko lake, ziwa lake, bado ako na kazi, na wale wa kunakili nakili ndio wataenda nyumbani. Hata kwa ratiba ya kongamano naangalia vikao vya aina hiyo kwanza, vile vya "kuwa maarufu kwa haraka" nitakuwa nje nikinywa soda.

Alafu msisahau blogu za hii nchi zimefanya nini. Mwisho wa Desemba 2007, ghasia za baada ya uchaguzi zikianza, serikali ilipopiga marufuku TV na redio kutangaza moja kwa moja, watu walikuwa wanasoma blogu ndio wajue kunaendaje. Ory Okolloh alikuwa anaandika kwa Kenyan Pundit, akauliza kama kuna mafundi wa kompyuta wanaweza kuweka kwa ramani mahali watu wanaumizwa. Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia wakaingia, na Januari 2008 Ushahidi ikazaliwa, watu wakituma ujumbe wa simu na unaonekana kwa ramani. Miaka miwili baadaye programu hiyo hiyo ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Sisi wa Nakuru na Kisumu hatuhitaji kukumbushwa ile Januari, tulikuwa ndani yake. Sasa mtu akikwambia blogu ni mchezo wa watoto wa mjini mwambie aketi chini.

Sina blogu bado. Naweza kuja ama nitaaibika?

Kuja. Ila anza kabla, hata kama ni posti mbili tu. Blogger ni bure, iko tangu 1999 na Google waliinunua 2003. WordPress.com pia iko na ya bure. Ukifika ukiwa na kitu cha kuonyesha watu wanakusaidia hapo hapo, ukifika na wazo kichwani wanakutakia heri.

Ni lazima ninunue domeini? .com ama .co.ke?

Domeini ni anwani ya blogu yako mwenyewe, na si lazima ukianza. Ukishaona unaendelea, nunua. Za .ke zinasimamiwa na KENIC lakini unanunua kwa wakala wao, na kuna .co.ke, .me.ke na zingine. Kama wasomaji wako ni wa hapa, .co.ke inatosha kabisa. Muhimu ni isajiliwe kwa jina lako na barua pepe yako, si ya yule kijana wa saiba alikutengenezea. Siku akihama mji anahama na blogu yako.

Naandika kwa Kiswahili, na rafiki yangu anaandika Kidholuo. Hawatatucheka?

Nani atawacheka, tena Kisumu? Kwanza nyinyi ndio nataka kukaa nanyi meza moja. Mimi nachanganya, maneno ya shambani nayaacha vile wakulima wanasema na barua za wasomaji naziweka kama zilivyokuja. Posti yangu ya Kiswahili kuhusu mnyauko wa viazi inasomwa mwaka mzima, ya Kizungu ya mambo hayo hayo inashindana na vyuo vikuu vya Ulaya na inalala. Shida mtakutana nayo ni ya matangazo, makampuni mengi bado yanafikiria Kiingereza kwanza. Hiyo ulizeni kwa sauti kukiwa na watu wa makampuni ndani ya ukumbi, wasikie wenyewe.

Auntie, mamangu anasema kongamano la siku mbili ni njia ya kuzurura. Nifanye?

Mwonyeshe Mama ratiba na tiketi, mwambie utalala kwa nani, na umwachie namba ya mwenye nyumba. Usimwambie ni "mambo ya mtandao", mwambie ni semina ya kazi, juu ndivyo ilivyo. Kama ni mtoto wa shule bado, mama ako sawa, baki nyumbani, hizi mambo zitarudi.

Kuna pesa kweli kwa hii kazi?

Kuna, kidogo kidogo, na si ya kuacha kazi nayo mwaka wa kwanza. AdSense wanakulipa ukifikisha dola 100, na kwa blogu ndogo hiyo inaweza kuchukua miezi mingi, usikubali mtu akudanganye. Kwangu ng'ombe mwenye maziwa ni posti za kulipwa na wauzaji wa mbegu na dawa, na hapo nina sheria yangu, kama nimelipwa nasema nimelipwa, juu mkulima akinunua dawa kwa neno langu na viazi vikaoza atanitafuta mpaka nyumbani na njia anaijua.

Kodi nayo iko. Sheria ya Fedha ya 2023 ilileta kodi ya zuio kwa mapato ya maudhui ya mtandaoni, mswada ulitaka asilimia 15, kelele zikapigwa, ikashuka mpaka asilimia 5, kuanzia Julai 1 mwaka huo. Mwenye anakulipa ndiye anakata na kupeleka KRA. Sasa mwitishe cheti cha hayo makato, watu wengi hawaitishi, na mwisho wa mwaka hawana cha kuonyesha kwamba walishakatwa. Kukiwa na mhasibu kwa hilo kongamano mimi nitakuwa mstari wa mbele na folda yangu.

Si ni hatari siku hizi kuandika? Tutazungumzia sheria?

Lazima tuzungumzie. Ile sheria ya uhalifu wa mtandao ilisainiwa Mei 2018, na kwa vifungu vyake vya habari za uongo ikaweka faini ya mpaka shilingi milioni tano, ama kifungo, na kwa kifungu cha 23 ni mpaka miaka kumi. Chama cha wanablogu, BAKE, ndicho kilienda kortini. Jaji akasimamisha vifungu 26 kabla hata havijaanza kufanya kazi, alafu Februari 2020 Mahakama Kuu ikasema sheria iko sawa. Oktoba 2025 rais akasaini marekebisho ya kuiongezea makali na wiki moja baadaye korti ikasimamisha baadhi ya vifungu vyake. Ni kuvutana tu, na wakati wakubwa wanavutana wewe ndiye uko na posti hewani.

Alafu kuna Albert Ojwang. Mwalimu na mwanablogu, akachukuliwa nyumbani kwao Homa Bay Juni 2025 kwa sababu ya mambo ya mtandaoni kuhusu mkubwa mmoja wa polisi, akafia mikononi mwa polisi Nairobi. Wakasema alijigonga kichwa ukutani. Upasuaji wa maiti ukaonyesha si hivyo. Homa Bay ni ng'ambo tu ya ghuba kutoka hapo tutakuwa tumekaa, na sidhani kuna mtu atapanda jukwaani siku hizo mbili bila jina lake kutajwa. Mimi naandika viazi, na bado dalali mmoja alishanitishia korti nilipochapisha uzito wa magunia yake. Kwa hivyo nataka kikao cha wakili kuliko kikao kingine chochote: nikipigiwa simu nisemeje, nikiitwa kituoni niende na nani, ushahidi wangu niuweke wapi. Kama hicho kikao hakitakuwa kwa ratiba, tutakifanya chini ya mti.

Naweza piga watu picha huko niweke kwa blogu?

Omba ruhusa kwanza. Sheria ya ulinzi wa data iko tangu 2019 na si ya maonyesho, Septemba 2023 klabu moja Nairobi ilipigwa faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja bila idhini yake. Jukwaa piga. Mama anayekula samaki pembeni, muulize.

Nitafika aje?

Wa Nakuru, matatu za Kisumu ziko stendi kuu, ni kilomita mia moja na themanini na kitu, weka masaa manne ama zaidi kidogo ukihesabu malori ya Salgaa na ujenzi wa barabara kabla ya Mau Summit. Alafu Londiani, Kericho, mnashuka Awasi na Ahero. Toka asubuhi. Kericho mvua hupenda mchana na ukungu wake si wa kuchezewa. Sweta unavaa mpaka Kericho, ukifika Ahero kwa mpunga unaitoa na hutaitaka tena.

Kakamega ni karibu, kama kilomita hamsini, Chavakali, Mbale, Kiboswa uko ndani. Busia mnapitia Luanda na Maseno, Kisii mnapitia Oyugis na Sondu. Treni ya abiria ilirudi Kisumu Desemba 2021 lakini hakikisha inatembea wiki hiyo kabla hujaitegemea. Ndege ni za wenye ndege.

Ukishuka stendi usikubali bei ya kwanza ya boda. Tuktuk inabeba watu watatu na mizigo, gawaneni.

Tutalala wapi, na hilo joto je?

Milimani ni kutulivu na bei ni ya Milimani. Ukienda kando kidogo ya mji unapata rahisi lakini uliza kwanza kama kuna maji na kama kuna neti. Neti ni lazima, mbu wa Kisumu wanakuja na malaria, na sisi wa huku juu kwenye baridi miili yetu haijazoea. Mwenye ako na jamaa Kondele ama Mamboleo alale kwa jamaa, abebe sukari na majani ya chai, asiende mikono mitupu.

Na samaki?

Nilijua. Kongamano litatoa chakula cha mchana, lakini jioni mimi naenda Dunga, sijali nani amepanda jukwaani. Ngege (tilapia) mzima, akaangwe akauke, ndio aingie kwa nyanya na kitunguu, na ugali, na osuga, hiyo mboga ya mnavu, iliyolazwa kwa maziwa mpaka uchungu umeisha. Mwitishe umchague akiwa mbichi, fungua mashavu uone kama ni mekundu, juu siku hizi hata hapo mjini kuna samaki wa barafu wa kutoka Uchina anauzwa kama amevuliwa asubuhi. Mbuta, yule sangara, pia ni mzuri ila ngege ndiye ninamwendea. Na kula na mkono, ukiitisha uma watajua umetoka Njoro.

Nibebe nini?

Laptopu kama unayo, simu inatosha kama huna. Pawabenki. Waya ya kurefusha stima, nasema hii kwa uzito, ukumbi wa watu mia na soketi nne mwenye ako na waya hiyo ndiye anapata marafiki. Bando yako mwenyewe, usitegemee WiFi ya hoteli watu wote wakiingia mara moja. Kadi za kugawa si lazima, andika tu anwani ya blogu yako kwa karatasi ukate kate vipande, mimi ndivyo nafanya na hakuna mtu amewahi kukataa.

Mimi ni mtu wa aibu, nitaongea nini na watu sijui?

Karibu wote huko ni watu wa aibu, ndio maana wanaandika. Uliza mtu maneno mawili, unaandika nini na nani husoma, alafu nyamaza. Ataongea mpaka chai ipoe. Ukiona mtu amesimama peke yake karibu na ukuta akijifanya anasoma simu, huyo ndiye wa kumwendea.

Utatuandikia ukiwa huko?

Sitaandika moja kwa moja, nataka kusikiliza. Bei za viazi za Ijumaa kijana wangu ataziweka, msimsumbue na maswali ya mbegu hajui kitu. Ya kongamano nitaandika nikirudi, nikianza na mambo ya wakili na ya kodi. Mkiwa na swali mnataka nimuulizie mtu huko tumeni kabla ya Alhamisi jioni, kurasa za nyuma za kile kitabu cha hesabu cha mtoto zinakaribia kuisha na mwenyewe anakitaka kabla shule ifunguliwe.